Mlima Huu ni wa Nani?

Mhadhara juu ya sarafu za ukumbusho, kwa hadhira ya Kasese na Bwera

 

Kabla sijasema lolote, naomba mwenye shilingi elfu moja ya sarafu aitoe mfukoni. Si noti, sarafu, ile ya rangi mbili. Ishikeni. Benki Kuu ya Uganda iliitoa mwaka 2012, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Ni sarafu ya ukumbusho, ingawa wengi wetu hatujawahi kuiita hivyo. Jana imelipia boda kutoka stendi hadi hospitali, leo asubuhi imenunua chapati na yai, Jumapili itaingia kwenye kikapu cha sadaka. Imesuguliwa na vidole vya watu wengi kuliko mnara wowote. Mnara hukaa palepale ukingoja wageni, lakini hii inakufuata hadi jikoni kwako.

Nimeanza nayo kwa sababu hoja yangu yote ya leo imo ndani yake. Kipande cha chuma kilichotengenezwa kukumbusha jambo huwa hai pale kinapopita mikononi mwa watu wa jambo lenyewe, na mikono hiyo ikitambua kilichochorwa.

Nchi yetu imejaribu njia nyingine pia. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alipokuja Uganda, papa wa kwanza kuitembelea Afrika akiwa madarakani, zilitolewa sarafu za fedha na za dhahabu kwa heshima yake, thamani ikipanda hadi shilingi 1000 ya dhahabu. Jambo lenyewe lilikuwa letu kabisa. Lakini mkulima aliyekwenda kumlaki hakurudi nyumbani na sarafu ile, ilitengenezewa wakusanyaji. Kisha mwaka 1981 hata jambo halikuwa letu tena. Zilitoka sarafu zenye jina la Uganda kuadhimisha harusi ya Charles na Diana kule London, wakati sisi tumetoka vitani juzi na sabuni inapangiwa foleni. Simlaumu mtu. Nchi nyingi hupata fedha za kigeni kwa kuwauzia wakusanyaji jina lao, na biashara hiyo ni halali. Ila tusiiite kumbukumbu. Hakuna nyumba ya Bwera iliyokumbuka chochote kwa sarafu zile.

Sasa niwaeleze lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya jubilee ya shule moja ya huku milimani. Tuliagiza medali 200 kutoka nje ya nchi. Tuliandika maneno machache tu: mlima, jina la shule, mwaka. Kifurushi kilipofika tukakifungulia mezani, na mezani alikuwepo bibi mmoja aliyesoma pale darasa la kwanza kabisa. Medali ziling'aa kama dhahabu. Katikati palichorwa mlima wenye kilele bapa, mgunga mmoja mbele yake, na twiga. Bibi akaisogeza medali karibu na macho, akaisogeza mbali, akaigeuza, akairudisha. Akauliza kwa upole: "Mwalimu, mlima huu ni wa nani?"

Ulikuwa Kilimanjaro. Na twiga hakuwa na kwao hapa, maana hata hifadhi ya Queen Elizabeth, yenye tembo, simba na nyati, haina twiga. Mchoraji wa mbali aliambiwa mlima wa Afrika, akachora mlima wa Afrika anaoujua. Lawama naiweka kwetu wanakamati, mimi wa kwanza, kwa kuwa hatukumpelekea mchoro wala picha. Tuligawa medali zile kwa sababu siku ilikuwa imefika. Yangu ni hii hapa. Rangi ya dhahabu imebanduka shingoni mwa twiga na chini yake imeonekana zinki ya kijivu.

Swali la bibi yule nimelibeba tangu siku hiyo. Nikiketi kuchora chochote cha duara, nalisikia.

Basi tuanze na mlima wenyewe. Rwenzori si mlima mmoja wa volkeno wenye kofia ya theluji. Ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa na mpasuko wa Bonde la Ufa, na juu yake kuna makundi sita ya vilele: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha juu kabisa, Margherita, kina mita 5,109. Kilipandwa tarehe 18 Juni 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, duki wa Abruzzi, naye akakipa jina la malkia wa Italia. Majina yote hayo ni ya wageni, lakini jina Rwenzururu, mahali pa theluji, ni letu, na wazee wanajua theluji ile ni makao ya nani. Kithasamba, mwenye makao hayo, hachorwi. Anayetaka kuweka jina lake juu ya medali ya kuuza na akawaombe ruhusa wazee kwanza.

Kwa mchoraji, maana yake ni hii: Rwenzori ina mstari wa meno, haina kilele kimoja. Chora meno hayo kama yanavyoonekana asubuhi mawingu yakifunguka kwa dakika kumi, na mtu wa Kyarumba au Kilembe atautambua mlima wake bila kusoma neno. Shilingi ya Uganda ya mwaka 1966, ile ya kwanza baada ya uhuru, ilikuwa na korongo mwenye taji na nyuma yake milima. Nikiitazama milima ile, macho yangu ya Kasese hayaoni mingine ila hii. Tayari mtu aliwahi kufikiri kwamba taifa zima linaweza kusimama mbele ya mlima wetu ndani ya duara la sentimita chache.

Tena barafu yenyewe inapungua. Walipofika Waitalia mwaka 1906 kulikuwa na mito ya barafu 43, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7.5. Iliyobaki leo ni kipande kidogo cha hiyo. Kama nikipewa sarafu moja tu ya kuchora kwa ajili ya wilaya hii, ningechora umbo la barafu la mwaka 1906 kwa mstari mwembamba, na ndani yake umbo la leo likiwa limeinuka ili kidole kilipapase. Mtoto wa miaka sita apitishe kidole gumba juu yake, ausikie ule mstari wa nje uliobaki mtupu.

Tunakuja kwenye madini, na hapa nisiharakishe, kwa kuwa hapa ndipo Kasese ina neno kuliko wilaya nyingine yoyote ya Uganda. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kutoka Kampala, na mwaka huohuo shaba ya Kilembe ikaanza kutoka. Ilichimbwa hapa, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikayeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, ikateremka hadi bandari ya Mombasa, ikavuka bahari. Na shilingi zetu za mwaka 1966? Zilipigwa chapa Uingereza, zikapanda kutoka bandari ileile ya Mombasa kuja huku. Shilingi ya wakati ule ilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, robo tatu shaba. Senti tano, kumi na ishirini zilikuwa za shaba karibu tupu. Shaba ilishuka na sarafu zikapanda, huenda zikapishana njiani, na baba zetu wakifanya zamu chini ya ardhi kati ya safari hizo mbili. Uchimbaji ukafifia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ukasimama.

Kwa hiyo medali ya ukumbusho wa Kilembe iliyotengenezwa kwa zinki ya kupakwa rangi ya dhahabu itakuwa uongo, hata kama mchoro wake ni mzuri. Itengenezwe kwa shaba. Shaba mpya ni nyekundu kama udongo wa mvua ya kwanza. Ukiibeba miezi sita inakuwa kahawia. Ukiiacha kwenye unyevu inaota kijani. Watu husumbuka kuing'arisha. Mimi nasema iacheni. Sehemu zilizoinuka zitabaki nyekundu kwa kusuguliwa na vidole, mabonde yatakuwa meusi, na mchoro utazidi kuonekana kadiri unavyoshikwa. Dhahabu ya kupaka hufanya kinyume chake.

Migodi mingi duniani ilikuwa na desturi ya kumpa kila mchimbaji kipande cha metali cha duara chenye namba yake. Akishuka, kipande kinabaki kimeangikwa ubaoni mlangoni; akipanda, anakichukua. Zamu ikiisha na kipande kingali ubaoni, wanajua kuna mtu bado yuko chini. Sijui kifaa cha duara kilichowahi kubeba maana nzito kuliko hicho. Medali ya wachimbaji wa Kilembe ningeichora hivyohivyo: tundu juu la kuangikia, namba katikati, na hakuna sura ya mkubwa yeyote. Kila familia ichague namba yake, mwaka baba alioajiriwa au idadi ya miaka aliyoshuka. Mgongoni iwe na mstari wa meno ya mlima ukiwa umepinduliwa, kama mtu anavyouwaza akiwa chini yake. Na ubao wenyewe usimamishwe Kilembe, kila mmoja aangike kipande cha pili cha mzee wake, mjukuu akipita akiguse.

Kuna na kobalti. Wengine hapa mnakumbuka lundo lile la mabaki ya mgodi pembeni mwa mji, lililokaa miongo kadhaa likitiririsha maji makali kila mvua inaponyesha. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha hapa Kasese kilitoa kobalti ndani yake kwa kutumia bakteria wanaokula madini ya salfa. Kobalti ikitiwa kwenye kioo inatoa buluu ambayo madini mengine hayaitoi. Ndiyo buluu ya yale mabakuli ya Kichina ambayo Waswahili wa pwani waliyajengea kwenye makaburi na kuta za misikiti. Medali inaweza kupakwa kioo cha rangi kinachoyeyushwa juu ya shaba, kitu mafundi wanachokiita enameli, na buluu yake ikawa ya kobalti. Fikirini duara la shaba lenye ziwa dogo la buluu ndani, George au Edward au Katwe. Vitu vyote viwili vimetoka kwenye mwamba mmoja, na mwamba huo ni wa hapa.

Wengine mtauliza kuhusu alumini, kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli, inayeyuka kwenye nyuzi 660 na moto wa makaa unaiweza. Mafundi wa Katwe ya Kampala, msiichanganye na Katwe yetu ya chumvi, wanamimina sufuria na vipuri kwenye kalibu za mchanga kila siku. Shaba inataka nyuzi 1,085 na kipulizo kizuri, na ikiwa tupu inavimba mapovu ndani, kwa hiyo fundi huichanganya na bati kidogo iwe shaba ngumu, itulie. Lakini historia ya alumini katika nchi hizi si nzuri. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilileta senti za alumini zenye tundu kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani. Hewa yetu ya unyevu ikazila. Mwaka 1909 walihamia kwenye shaba na nikeli. Kwa mashindano ya watoto wa shule alumini inafaa. Kitu unachotaka wajukuu wakirithi, kitafutie shaba, na ukitafuta ya chakavu idai risiti kwa muuzaji. Nyaya za umeme zilizokatwa usiku zimeacha vijiji vingi gizani, na kumbukumbu njema haitengenezwi kwa mali ya wizi.

Mambo machache zaidi kuhusu mchoro kabla sijaingia kwenye matumizi. Kilwa, miaka elfu moja hivi iliyopita, masultani walipiga sarafu ndogo za shaba zilizotumika pwani na hata kuvuka bahari. Mwaka 1944 tano kati yake ziliokotwa kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Uzuri wa sarafu zile ni maandishi. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una sifa za Mwenyezi Mungu anayemtegemea, na pande hizo mbili zina vina. Ukiigeuza sarafu umemaliza ubeti. Mababu wa lugha hii tunayoisema walielewa kwamba sarafu ina pande mbili za kusema na wakaiwekea shairi. Kasoro ya sarafu zile ni moja: hazina mwaka. Wataalamu wanabishana hadi leo ipi ilitangulia ipi. Nawaomba, mkitengeneza chochote, andikeni mwaka. Hata kama hamna nafasi ya jina la mwenyekiti, na hasa kama hamna nafasi ya jina la mwenyekiti.

Juu ya nyuso za watu, nitasema kwa ufupi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha, na sarafu mpya za mwaka 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na tembo. Nadhani walifanya vyema. Uso wa kiongozi unawafurahisha nusu ya watu na kuwakera nusu, na baada ya miaka kumi hesabu inabadilika. Kahawa haina wapinzani. Wakulima wa ushirika wa Bukonzo Joint kule Kyarumba wana kahawa ya arabika inayosafiri mbali. Tawi moja lenye matunda matano linatosha kujaza duara. Pamba ya Nyakatonzi vilevile. Na jiwe la chumvi la Katwe, ambalo lilikuwa kama fedha kabla ya fedha, linachorwa kwa mistari minne.

Ipo na ile alama ya ikweta. Nyote mmepita Kikorongo mkaona maduara mawili ya saruji kando ya barabara, watalii wakipigwa picha ndani yake. Yale ni masarafu makubwa yenye tundu! Chukua duara, pitisha mstari mmoja katikati: Kasese juu yake, Katwe chini yake, Bwera karibu iuguse. Sijaona wilaya yenye bahati ya kuwa na mchoro wake umekwishajengwa barabarani. Mashindano ya mbio za Rwenzori yaliyoanza hapa mwaka 2022 yanavuta wakimbiaji wa kilomita 42, 21 na nyingine fupi. Mtu aliyekimbia chini ya mlima huu angeweza kwenda nyumbani na duara hilo shingoni, likiwa na tundu katikati kama senti kumi ya zamani. Bibi zetu walizitunga senti zile kwenye uzi, wakazifunga kiunoni au kwenye pembe ya kanga. Tundu lilikuwa mfuko.

Matumizi mengine ni ya nyumbani, na haya ndiyo yanayonigusa zaidi. Leo kukiwa na harusi au mazishi tunachapisha fulana. Fulana yenye picha ya marehemu inavaliwa siku moja, mwezi wa tatu ni ya shambani, mwezi wa sita ni dekio. Nimeona uso wa mzee niliyemheshimu ukifuta sakafu, na aliyeishika fulana ile hakuwa na kosa lolote. Kitambaa ndiyo kazi yake. Familia yenye wajukuu 30 inaweza kumimina vipande 30 vya shaba vya ukubwa wa kifuniko cha soda: upande mmoja jembe lake au cherehani yake, upande wa pili mwaka alioingia duniani na mwaka alioondoka. Kila mjukuu kimoja mkononi. Akihama kwenda Kampala au Butembo au Toronto, kinahama naye.

Mwezi Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka, mgonjwa wa kwanza alihudumiwa hapa, hospitali ya Bwera. Wauguzi walisimama imara. Kwao ningechora neno moja tu la shukrani, WASINGYA, kwa herufi nene, bila picha. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, wanalisema vilevile.

Na Juni 2023. Hapa Mpondwe, usiku mmoja, shuleni Lhubiriha, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Siwezi kuzungumza Bwera kuhusu ukumbusho nikaruka jambo hilo, na pia sitalifanya mfano wa ufundi. Nasema tu msimamo wangu: kama siku moja wazazi, wao wenyewe, wakitaka kitu cha kushika, kisiuzwe, kisipewe wageni wa heshima, kisiwe na nembo ya mfadhili. Kiwe kidogo cha kutosha kufunikwa na ngumi iliyofungwa. Idadi yake iwe ya waliofiwa, na kalibu ivunjwe baada ya kipande cha mwisho.

Sheria haina ugumu mkubwa. Katiba ya Uganda, ibara ya 161, inasema Benki Kuu peke yake ndiyo yenye mamlaka ya kutoa fedha. Kwa hiyo chetu hakiitwi shilingi, hakiandikwi thamani, hakiwekwi nembo ya taifa bila kibali, na hakilingani ukubwa na sarafu inayotumika. Mtu asije akampa mama muuza ndizi gizani, akadhani amelipwa. Kiite medali, nishani, kipande cha ukumbusho. Mimi nimekuwa nikisema sarafu muda wote huu kwa sababu mkono haujui tofauti.

Nimalizie na mto Lhubiriha. Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka wao mwaka 1910, na mstari ukapita Margherita, ukateremka na maji hadi hapa. Wakonzo wakabaki huku, Wanande wakabaki kule, shangazi mmoja akawa na pasi ya nchi nyingine. Leo pale Mpondwe wabadilisha fedha wana shilingi mkono mmoja na faranga mkono wa pili, na dola mfukoni. Watu waliogawanywa hivi wanahitaji alama ya kujuana: Wagiriki wa kale walikuwa na desturi ya kuvunja kigae au sarafu vipande viwili, kila rafiki akabaki na chake. Hata watoto wao wakikutana baada ya miaka mingi, vipande vikikubaliana, walijuana. Neno la ishara katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na kigae hicho.

Nimechora kitu cha namna hiyo kwa ajili yetu. Ni duara moja la shaba, na mkato wake unafuata mikunjo ya Lhubiriha, kona kwa kona, kutoka juu hadi chini. Nusu ya mashariki ina tawi la kahawa, nusu ya magharibi ina mchikichi. Meno ya mlima yanapita juu ya zote mbili bila kukatika. Familia yenye watu pande zote mbili inachukua moja, inaigawa. Siku ya harusi au ya matanga wakikutana, anayetoka Kasindi anatoa nusu yake, wa Bwera anatoa yake, wanaziunganisha mezani mbele ya watoto.

Kielelezo cha kwanza ni hiki, cha nta, kikubwa kama sahani ya chai ili mkione. Nakituma safu kwa safu. Kishikeni kwa ukingo, nta inalainika kwa joto la kiganja. Kigeuzeni upande kwa upande kama mnavyogeuza shilingi, si juu chini, ili mgongo usimame wima. Naomba mzee wetu aliye kushoto, asiyeona, akipate kwanza na atuambie vidole vyake vimekutana na mlima gani. Aliyekulia juu kule Kilembe anitazamie jino la tatu kutoka kushoto. Nimelichora kutokana na asubuhi moja tu ya kiangazi na sina hakika nalo. Ndugu wa Kasindi, mkunjo wa mto chini ya daraja mnaujua kuliko mimi. Nimeleta kisu na kipande cha nta. Kalibu tutaitengeneza baada ya ninyi kusahihisha.